Siku Ambayo Sikupiga Gunia

Siku moja tu sikupiga gunia, na majirani wakaja kuvunja mlango kuangalia kama nimekufa. Walikuja kwa ajili yangu mimi. Aliyestahili kuvunjiwa mlango alikuwa amesimama katikati yao, mtoto mgongoni, na hakuna aliyemtazama.

Nianze na gunia lenyewe, maana bila gunia hakuna atakayenielewa.

Naitwa Goreth. Nimezaliwa Katumba, na nilipomaliza darasa la saba nikapelekwa Morogoro kufanya kazi za ndani. Kazi za ndani zilipoisha nikaingia kubeba mabegi ya wachezaji wa gofu. Unabeba begi la fimbo, unatembea nyuma ya mchezaji, unaangalia mpira umeangukia wapi. Hapo ndipo nilipojifunza kucheza. Kwanza kwa kutazama tu, muda mrefu, halafu kwa kuazima fimbo siku ambazo uwanja ni mtupu. Aliyenifundisha ni Dada Queen, naye alianza kwa kubeba mabegi kama mimi. Nilipoolewa na Gratien tukaja kukaa Magamba, pembeni ya Mpanda, Queen alinipa fimbo moja ya zawadi ya harusi, chuma namba saba. Wengine walinipa masufuria.

Magamba hakuna uwanja wa gofu. Kuna mashamba ya mahindi, kuna ng'ombe wa Wasukuma wanapita asubuhi na jioni, kuna vumbi, na kuna watu ambao ukiwatajia gofu wanakuuliza inaliwa na mboga gani. Lakini Queen alinitumia ujumbe wa sauti kwamba baada ya Pasaka kutakuwa na mashindano ya wanawake wabeba mabegi, na watakaofanya vizuri watapewa nafasi ya kucheza kweli, siyo kubeba tu. Akataka kuona swingi yangu, yaani namna ninavyozungusha fimbo. Gratien akanirekodi kwa simu, tukamtumia.

Jibu lilirudi siku hiyohiyo.

"Goreth mdogo wangu, mikono yako ina haraka. Kichwa cha fimbo kinaipita mikono kabla hujafika kwenye mpira. Ndiyo maana mpira wako unaruka juu kama kuku aliyefukuzwa jikoni, halafu hauendi popote. Tafuta gunia, ulijaze kitu kizito lakini laini, uliweke pale mpira unapokaa, ulipige kila siku. Fimbo ikigusa gunia, simama hapohapo. Mikono iwe imetangulia, kiuno kimegeuka, uzito uko mguu wa kushoto, kichwa kiko chini. Gunia litakwambia. Ukikosea linalia paa. Ukipatia linalia puu. Na utoe pumzi, usiibane."

Gratien ni bodaboda. Alikwenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga akaleta pumba, akachanganya na mchanga, akashindilia gunia mpaka likasimama lenyewe kama mtu mfupi mnene. Tukaliweka uani nyuma ya nyumba, karibu na bafu, ndani ya uzio wa mabati. Sikutaka kuonekana. Mke wa mtu asimame nje anapiga gunia kwa chuma, Magamba wangesema mpaka mwaka uishe.

Basi kila jioni Gratien akirudi, anaegesha pikipiki, ananawa uso, tunaingia uani. Mume wangu hajawahi kuona uwanja wa gofu hata kwa mbali, lakini ukocha aliupokea kwa moyo wote. Anachuchumaa mbele yangu anaangalia kichwa changu tu. Na Gratien ana sauti ya watu wa bodaboda, anaongea kama vile upepo bado uko masikioni.

"Kichwa chini! Nimekwambia usiinue kichwa! Tena!"

Paa. Hah.

"Umekosea! Rudia!"

"Samahani, narudia."

"Usiniambie samahani, wewe rudia!"

Puu. Hah.

"Ehee! Hapo sasa umenisikia!"

Ukuta wa upande wa kulia tulikuwa tunautumia pamoja na jirani yetu Method, fundi wa milango. Mtu msafi, mpole, anakusalimia kwa kuinama kidogo. Hata mlango wetu alitutengenezea yeye. Jioni kwao redio ilikuwa haikosi, nyimbo za kwaya, sauti juu kabisa. Mimi nilizipenda. Nyimbo za kwaya hazina haraka. Nilikuwa napandisha fimbo na sauti za akina mama, naishusha na besi, na kweli mikono ikaanza kutulia. Mke wake anaitwa Sikujua. Hatukuwa marafiki wala maadui. Tulikuwa tunasalimiana bombani.

Miezi ikaenda. Paa zikapungua, puu zikaongezeka. Queen akasema, "Sasa unaanza kufanana na mtu."

Mimi ni mtu wa kuangalia, na kuna jambo moja nililiona nisilielewe. Watu wa mtaa walikuwa wananihurumia. Bombani wananiambia tangulia, mama, weka ndoo yako. Mama Ngolo, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Lyamba, mama mcheshi ambaye mtaa mzima unamjua kwa kicheko, anauza dagaa wa Ikola. Mimi nikienda ananipimia fungu, halafu anaongeza, halafu ananitazama, anaongeza tena. Nikikunja mikono ya blauzi wanatazama mikono yangu. Nikasema moyoni, watu wa Magamba wana roho nzuri sana.

Halafu siku ile nikaamka na malaria.

Gratien alirudi mchana na dawa, akaninywesha, akanifunika. Alikuwa na abiria anamsubiri wa kwenda Usevya, kwa hiyo akafunga mlango kwa nje nisisumbuliwe, akaondoka kwa kasi. Mimi nikalala. Jua likaanza kuzama, gunia limesimama peke yake uani, na mimi nimelala tu.

Niliamshwa na kelele mlangoni.

"Goreth! Wee Goreth!"

Nilitaka kuitika lakini ulimi ulikuwa umekauka, umekaa mdomoni kama kipande cha ngozi.

"Haitiki!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Ngolo. "Nyie, haitiki! Amemuua. Nilisema mimi, nilisema, huyu kijana iko siku atamuua. Kaja mchana, kafunga mlango, kakimbia na pikipiki kama kichaa. Mtoto wa watu jamani!"

"Tulia kwanza, mama," akasema Mzee Lyamba. "Method yuko wapi? Method, leta nyundo. Mlango wako huu."

"Naufungua bila kuuharibu, mzee," akasema Method.

Nikasikia nyundo, ta, ta, ta, kwa ustadi. Kitasa kikaanguka ndani, mlango ukafunguka, na chumba kikajaa watu. Mimi nikaketi kitandani na kitenge changu.

Mama Ngolo akapiga ukelele kama ameona maiti inakaa. Halafu akanirukia, akanikumbatia, na hapohapo akaanza kunifunua mgongo.

"Yuko mzima! Hebu nione. Geuka, mwanangu, geuka."

"Mgongo wangu una nini, mama?"

"Nyamaza. Leo amekupiga wapi?"

"Nani?"

"Usimfiche tena, mwanangu. Tunajua. Mtaa wote unajua."

Wanawake watatu wakanishika mabega wakanigeuza kama unavyogeuza shuka la kufua kutafuta doa. Hawakuona kitu. Wakatazamana.

"Anapiga kwenye nyama," akasema mmoja. "Wajanja wanapiga penye nyama."

"Mimi nina malaria!" nikasema. "Dawa hizo hapo. Nani anipige? Gratien? Gratien hata kuku kumchinja anaita jirani!"

Hawakunisikiliza, maana muda huohuo pikipiki ikasikika barabarani.

"Huyo! Karudi!"

Chumba kikabaki kitupu. Nilijiburuza mpaka mlangoni nikishika ukuta. Vijana walikuwa wameshamtoa Gratien kwenye pikipiki. Shati limechanika begani. Mfuko wa malimau aliyoninunulia ulikuwa umepasuka, malimau yanabingirika kwenye vumbi. Mmoja alimzaba kofi, mwingine akawa ameokota gongo la kuni. Na Method alikuwa amemshika kola.

"Mwanaume hampigi mwanamke kama mbwa," Method alikuwa akisema, taratibu, kama mtu anayesoma somo kanisani. "Umetuaibisha wanaume wa mtaa huu."

"Jamani, nimefanya nini? Mke wangu amekufa?" Gratien alikuwa analia. "Mana yanje, Mungu wangu! Amekufa?"

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Mimi huyu hapa! Hajanipiga! Hajawahi kunipiga!"

"Wote mnasema hivyo," akasema mtu nyuma yangu. "Sisi tunasikia kila jioni, mama. Tuna masikio."

"Mnasikia nini?"

"Tunasikia puu!" Mzee Lyamba alijibu. "Tunasikia tena, rudia, usiinue kichwa. Tunakusikia wewe unaomba samahani. Sasa hiyo ni nini kama siyo kipigo?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa mara moja: ndoo za bombani, dagaa wa nyongeza, macho kwenye mikono yangu. Na gongo la kuni lilikuwa limeshainuliwa.

"Njooni uani," nikasema. "Njooni wote na huyo mume wangu mleteni. Nyie njooni mwone anayepigwa."

Waliingia kwa kusukumana, wengine wakapanda juu ya matofali nje ya uzio. Nilichukua fimbo yangu nyuma ya bafu. Macho yalikuwa yanaona magunia mawili. Sikuwa na haja ya kupiga vizuri, nilikuwa na haja ya kupiga kama siku zote, sauti ileile. Nikashusha kichwa. Nikapandisha fimbo polepole, kiuno kikageuka kwanza, mikono ikafuata.

Puu. Hah.

Waliokuwa juu ya matofali wakanyoosha shingo.

Nikarudia. Puu. Hah. Na Gratien, damu ikimtoka mdomoni, kwa mazoea tu akasema, "Kichwa chini."

Aliyeshika gongo aliliangusha. Mzee Lyamba alivua kofia. Mama Ngolo alijishika mdomo kwa mikono miwili, akamtazama Gratien, akalitazama gunia, akanitazama mimi, halafu kikamtoka kicheko ambacho nadhani kilifika Mpanda mjini.

"Gunia! Uwii, nakufa! Miezi yote hii nalilia gunia!"

Wakaanza kucheka wote. Mtu aliokota malimau. Vijana wakawa wanampangusa Gratien vumbi, samahani kaka, samahani sana, ungetuambia. Mzee Lyamba akataka kujaribu, akaishika fimbo kama jembe, akakosa gunia, akazunguka mzima akakaa chini. Mama Ngolo akalala ardhini kwa kucheka. "Balozi ameshindwa na pumba!" Nilieleza habari ya Morogoro na Queen na mashindano, na watu wakawa wanauliza, hiyo mipira iko wapi, na ukipiga mbali nani anaifuata? Method alitikisa kichwa akitabasamu, akaenda kurudisha kitasa cha mlango.

Mimi nilikuwa nacheka pia. Halafu kicheko kikanikatikia katikati.

"Mama Ngolo," nikasema. "Mmesikia muda gani?"

"Nini, mwanangu?"

"Mnasema mlisikia. Tangu lini?"

Akajifuta machozi ya kicheko. "Ah, tangu zamani. Mwanzoni zilikuwa ndogondogo, paa, paa. Nikamwambia mzee, bado mchanga wa ndoa, anamfundisha. Siku hizi ndo' zikawa zinaingia kwelikweli."

"Na mkaamini napigwa. Kila siku."

"Sasa tungefanyaje?" Bado alikuwa anatabasamu. "Mambo ya mtu na mume wake. Si nilikuwa nakuongezea dagaa?"

Nilisimama na chuma changu nikawatazama mmoja mmoja. Walikuwa wananipenda, hilo lilikuwa kweli. Walinisikia nikiuawa kila jioni, kwa walivyojua wao, na asubuhi wakanisalimia umeamkaje. Walikuja siku niliponyamaza.

Watu wakaanza kutawanyika. Jirani yangu Sikujua peke yake alikuwa hajacheka. Alikuwa karibu na pipa la maji, mtoto mgongoni, analiangalia gunia. Alisogea, akaliwekea kiganja kama mtu anayepima joto la mgonjwa.

"Kwa hiyo ni hili," akasema.

"Ndiyo, jirani."

"Siku zote ni hili."

"Ndiyo."

Alitazama mlangoni, nyundo ya mume wake ilikuwa inagonga, ta, ta. Akashusha sauti mpaka nikalazimika kuinama.

"Method huwa ananiambia, msikilize mwenzio. Anapigwa kila siku, ngumi nzito kuliko hizi zako, na wala halii. Anaomba samahani, yanaisha. Wewe nikikugusa kidogo unataka mtaa ujue." Alitoa mkono kwenye gunia. "Nikawa najifunza kwako. Nikawa nasema, kama Goreth anaweza, na mimi naweza. Nilidhani tuko wawili."

"Sikujua!" Method aliita kutoka upande wa pili. "Twende, mama. Mgonjwa apumzike."

"Abee," akaitika, akaenda.

Sijui nilirudi vipi kitandani.

Nilipopona nilimwambia Gratien. Aligusa mdomo wake ulipopasuka. Kesho yake akaenda kuongea na Method kiume. Method alimkaribisha kiti, akampa maji ya kunywa, akamwambia, "Shemeji, wewe si ulisingiziwa juzi? Umeona uchungu wake? Sasa na wewe unakuja kunisingizia." Gratien akarudi kichwa chini.

Mimi nikaenda kwa Mzee Lyamba. Alinisikiliza vizuri, Mama Ngolo akiwa pale anachambua dagaa.

"Sikujua mwenyewe amelalamika?" mzee akauliza.

"Ameniambia mimi."

"Kukwambia wewe siyo kulalamika. Binti yangu, juzi tumevunja mlango wa mtu kwa mambo ya kusikia. Unataka turudie?"

Mama Ngolo hakucheka. Aliendelea kutoa vichwa vya dagaa, kimoja kimoja.

Jioni nilijaribu kupiga gunia. Nilipandisha fimbo, redio ya jirani ikiwa inaimba kama kawaida, na nikashindwa kuishusha. Gratien akauliza, "Vipi?" Nikamwambia, "Shh." Kwa mara ya kwanza tangu nihamie nyumba ile, nilikaa uani saa ile bila kupiga, nikasikiliza.

Kwaya ilikuwa inaimba. Chini ya kwaya kulikuwa na sauti nyingine. Siyo puu wala paa. Ilikuwa sauti fupi, kavu, halafu kimya, halafu kitu kinaburuzwa. Halafu redio ikaongezwa. Fimbo ikaanguka. Besi zile. Miezi yote nilikuwa nashusha fimbo yangu na besi zile, nikishukuru moyoni kwamba jirani anapenda nyimbo za Mungu.

Gratien naye alisikia. Akainuka.

Sikufikiri. Mimi ambaye kila kitu nakitazama mara mbili kabla ya kusema, siku ile sikutazama hata mara moja. Nilitoka nje mpaka katikati ya barabara nikaweka mkono mdomoni, nikapiga yowe.

Huku kwetu yowe halipigwi ovyo. Ni la mwizi, la moto, la ng'ombe walioibwa, la mnyama mkali. Likipigwa, kila nyumba lazima itoe watu. Na aliyeitikia yowe haruhusiwi kurudi kwake mpaka jambo lijulikane mbele ya wote. Anayeondoka kabla, anatozwa jogoo na jina lake linabaki baya. Sheria hiyo Mzee Lyamba huisoma mwenyewe kwenye mikutano, na hana msamaha nayo.

Walikuja mbio na mapanga, magongo, mwingine na mchi wa kutwangia. Mama Ngolo alikuja na ukuni wenye moto bado.

"Wapi? Kaelekea wapi?"

"Hapa," nikasema, nikanyoosha mkono kwenye mlango wa Method.

"Mwizi kaingia kwa Method?"

"Hajaingia. Anaishi humo."

Ilichukua muda kueleweka. Niliona ikiingia usoni kwa mtu mmoja mmoja. Mzee Lyamba alikuja juu.

"Goreth! Yowe si la mambo ya ndani ya nyumba!"

"Mzee, mimi mlinisubiri mpaka ninyamaze," nikasema. "Huyu mnamsubiri anyamaze?"

Mlango ukafunguliwa. Method alisimama, shati limechomekewa, kwaya ikiimba nyuma yake.

"Karibuni," akasema. "Kuna heri?"

Mke wake, Sikujua, alitokea nyuma yake. Hakuwa na kitambaa kichwani. Jicho moja lilikuwa limeanza kufunga, na mkono wa kushoto alikuwa ameushikilia kwa mkono wa kulia, kama mzigo wa mtu mwingine. Mtaa mzima ulikuwa unamwona bombani kila asubuhi. Nadhani ile ndiyo mara ya kwanza mtaa ulimtazama.

"Ameanguka," akasema Method. "Mama, waeleze ulivyoanguka. Halafu watu waende kupumzika."

Sikujua alipita ubavuni mwake, polepole. Alifika mbele ya watu, akakaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu kama watu wanavyokaa msibani.

"Inuka, Sikujua," akasema Mzee Lyamba, anaona aibu. "Tutaongea kesho, nyinyi wawili na mimi. Watu sasa..."

Akanyamaza mwenyewe. Alikuwa amebakiza neno waondoke, na yeye ndiye mwenye sheria. Watu wote walimtazama. Hakuna aliyesogeza mguu.

Ndipo Mama Ngolo alipouweka chini ukuni wake. Aliuzima kwanza kwa kuukanyagia mchanga, vizuri, kama mtu aliyemaliza kupika. Akapita mbele ya mume wake bila kumtazama, akaenda akakaa kwenye vumbi kando ya Sikujua, bega kwa bega. Yule mama wa kicheko. Akafungua vifungo vya juu vya blauzi yake, akashusha kitambaa begani, na wote tuliokuwa karibu tukaona kovu la zamani, limekaa kama kamba kutoka shingoni kwenda mgongoni.

"Mama Ngolo," akasema balozi. "Mama Ngolo, inuka twende nyumbani."

"Hakuna anayeondoka, mzee," akasema. "Jambo halijajulikana bado." Akamgeukia Sikujua. "Anza wewe, mwanangu. Mimi nitafuata."